Kutoka daftari la zamu hadi kwenye simu: mwongozo kwa mafundi maji wa Tabora

Mafundi wenzangu, msikimbilie kununua programu. Fuateni mpangilio huu kwanza.

Hatua ya 1: Kusanyeni madaftari yote. La pampu, la klorini, la usomaji wa dira za maji (mita), la matengenezo, la mabwawa ya majitaka. Kinachoandikwa mara mbili kibaki mahali pamoja.

Hatua ya 2: Kila kifaa kipewe namba ya kudumu. Hapa ndipo penye kazi, na msiharakishe. Ukiandika "valvu ya pale kwenye mwembe", fundi mgeni atatafuta mpaka jioni, maana Tabora miembe iko kila mtaa. Namba ipigwe rangi kwenye mfuniko wa chemba, kisha mchukue majira yake ya GPS, yaani namba za mahali kilipo, kwa simu, pamoja na kipenyo na aina ya bomba.

Dira ikibadilishwa, namba ya mteja ibaki ileile. Andikeni usomaji wa mwisho wa dira ya zamani na wa kwanza wa dira mpya, vyote viwili, na picha. Mkiruka hapo, mwisho wa mwezi kuna mama atabambikiwa bili ya maji ambayo hakutumia, na ofisini hamtakuwa na cha kumwonyesha.

Hatua ya 3: Tengenezeni fomu. KoboToolbox, programu ya fomu za kujaza kwenye simu, inafaa kwa sababu hujazwa hata pasipo mtandao, ikatuma baadaye. Mkiweka kiwango cha klorini bombani kwa mteja kuwa 0.2 hadi 0.5 mg/L, mtu akiandika 5 fomu imwambie apime tena. Isimkatalie kabisa, huenda dozi imezidi kweli, na hiyo ndiyo taarifa tunayoihitaji kuliko zote.

Hatua ya 4: Jazeni palepale. Saa iwekwe na simu yenyewe. Namba za kukumbukwa jioni hazina thamani.

Hatua ya 5: Kosa lisahihishwe bila kufutwa. Namba ya awali ibaki, na jina la aliyerekebisha na sababu.

Hatua ya 6: Endesheni karatasi na simu sambamba kwa mwezi mzima, mkilinganisha kila Ijumaa. Nakala moja ikae nje ya mtambo.

Madaftari ya miaka ambayo mji ulitegemea bwawa la Igombe, kabla ya maji ya Ziwa Victoria kufika, pigeni picha ukurasa kwa ukurasa. Panaposomeka kwa shida, mwiteni fundi mstaafu mtembee naye kwenye laini ya mabomba, mkiweka alama kila anaposimama.