Kubadilisha waya na vyombo kwenye RV-6, ndege ndogo ya kujijengea

Kwanza chomoa betri, ila usikate kitu bado. Piga picha kila kona, chora kila waya unatoka wapi unaenda wapi na fyuzi yake ipi, hii kazi ya karatasi inaboa kweli lakini ndo itakuokoa mbele huko. Waya za PVC za dukani achana nazo, zikiungua zinatoa moshi wa sumu na uko angani huna pa kukimbilia, weka Tefzel (waya wa ndege wenye ganda linalostahimili joto): saizi 22 ya AWG inatosha fyuzi ya ampea 5, ikifika ampea 10 tumia 18, namba ikishuka waya unakuwa mnene zaidi. Lebo ncha zote mbili.

Ethi ndo wengi tunapochemka. Mi nilifunga kila chombo kwenye bodi popote palipo karibu, hedseti ikawa inalia wiii kufuatana na mzunguko wa injini, kumbe altaneta. Leta ethi zote sehemu moja.

Pini bana kwa koleo lake, sio plaizi jamani, kisha vuta uone kama imeshika. Vyombo vipya vikishakaa ndege ipimwe uzito upya, na kama uligusa mipira ya pito na statiki (inayopeleka hewa kwenye vyombo vya kasi na kimo) hakikisha haivuji kabla hujaruka. Kwa Marekani transponda (kifaa kinachoijibu rada) nayo hupimwa kila miezi 24.