Somo: Kutangaza badiliko zito kwa watu wanaojitolea

Kikundi chetu kilikuwa kikipanda mikoko kwenye hori ya Tudor, Mombasa, kila Jumamosi, kisha tukahamia siku za bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, ziangukie siku yoyote ya wiki. Sababu ilikuwa njema. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, saa nne asubuhi matope yamefunikwa na miche inabaki kwenye ndoo. Mwezi ukiandama au ukipevuka, saa hiyohiyo maji yamekupwa. Lakini nililitangaza kwa ujumbe wa mstari mmoja, saa nne usiku. Asubuhi nilikuta mlangoni gambuti za bibi aliyetufundisha sote kupanda. Zimeoshwa, zimepangwa. Sasa nafanya hivi:

1. Andika majina ya watakaoumia. Si "wanachama": majina. Kwetu, walioajiriwa, wanafunzi, mama mwenye genge.

2. Waendee kabla ya tangazo. Usiende kuwashawishi. Uliza, "Hili litakugusa vipi?" kisha nyamaza. Kazi kubwa iko hapa. Mama wa genge ndiye aliyenikumbusha kwamba kujaza udongo na kumwagilia kitalu hakungoji maji, basi kazi hiyo ibaki Jumamosi. Mimi sikuwa nimeliona.

3. Uamuzi uwe sentensi ya kwanza. Shukrani ndefu mwanzoni humtia mtu wasiwasi.

4. Taja hasara. "Baadhi yenu hamtaweza kuja siku za wiki, na hilo ni pigo kwetu." Usiandike "sote tutafaidika", si kweli, na aliyeumia anajua.

5. Tenga lililokwisha na lililo wazi. Kama siku zimeamuliwa, usiulize "mnaonaje?" Uliza saa ya kuanza, kama kweli bado hamjaipanga.

6. Tuma asubuhi, siku unayoweza kushinda ukijibu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mtu akitukana je?*
Jibu hoja iliyo ndani ya tusi, mara moja tu. Kisha mpigie simu.

*Siku ya bamvua ikiwa Ijumaa?*
Tunamaliza saa tano, watu wapate kuoga na kuwahi swala. Liandike kwenye tangazo lenyewe, wasilazimike kuuliza.

*Yule bibi alirudi?*
Nilimwendea baada ya wiki mbili, nikamwamkia, nikamwomba radhi bila kuitetea ratiba. Siku hizi Jumamosi yuko kitaluni. Matopeni bado. Gambuti zake nimemwekea.