Kufuga maji moto, wale sisimizi washona majani: anza na malkia, si na kiota

Kwanza hakikisha ndiye. Maji moto (Oecophylla longinoda) wa miembe ya Tanga na michungwa ya Muheza huishi juu ya mti na hushona majani mabichi kwa hariri ya mabuu wao. Kiuno kina kifundo kimoja. Hawana mwiba: huuma, kisha hunyunyizia kidonda asidi, ndiyo inayowasha. Chungu wa moto wa Amerika, Solenopsis geminata, ana vifundo viwili, huchoma kwa mwiba na huchimba ardhini. Siafu mfanyakazi hana macho.

Usikate kiota ukadhani umepata kundi. Kundi moja hutapakaa viota vingi, hata miti kadhaa, na malkia kwa kawaida ni mmoja tu. Wafanyakazi waliobaki bila malkia hutaga, lakini mayai yao hutoa madume matupu.

Hatua ya 1. Msimu wa mvua, kunja jani pana la mchungwa, lifunge uzi, ulikague asubuhi. Malkia mchanga hujificha humo: mnene kuliko mfanyakazi, kifuani ana makovu ya mbawa.

Hatua ya 2. Chukua bomba la sindano la mililita 20, ziba tundu kwa nta, tia maji mililita 6, sukuma pamba mpaka iyaguse. Pamba ikilegea, malkia atazama. Muingize, ziba kwa pamba kavu, funika kitambaa cheusi. Usimlishe; hulea uzao wa kwanza kwa akiba ya mwili wake. Ukimchungulia kila saa atakula mayai. Wafanyakazi hutoka baada ya mwezi hivi.

Hatua ya 3. Ukitaka haraka, muongezee pupa 20 (mabuu waliokwisha kukua, wanaogeuka kuwa sisimizi kamili) wa kundi jingine. Pupa tu! Wakubwa watamuua.

Hatua ya 4. Wakifika 30, wahamishie kwenye mche wa mwembe, kopo lake likae katikati ya beseni la maji yenye tone la sabuni. Poda ya kupaka ukingoni ili wasitoroke haifai huku pwani; unyevu huigandisha ikabanduka. Jani moja likigusa ukuta, wameshatoka.

Chakula: sukari kijiko 1 kwa maji vijiko 4, kwenye pamba, pamoja na vipande vya panzi au utumbo wa samaki. Panzi wa shamba lililopuliziwa dawa wataua kundi zima. Beseni lisikauke hata usiku mmoja: sisimizi wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa (Pheidole megacephala) watapanda na kuwamaliza.