Salamu zikiisha, mwambie daktari ukweli

Nilikuwa fundi nondo Mtumba, Dodoma. Mashine ya kukatia nondo ilinichukua vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Siku hizi mtu akiumia saiti ananipigia mimi, kwa hiyo naandika niliyochoka kuyarudia kuhusu kudai fidia ya kuumia kazini.

Taarifa kwanza. Mpe msimamizi kwa maandishi siku ileile, hata kwa meseji. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inampa mwajiri siku 7 kuufahamisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Msimamizi wangu alinipa elfu hamsini na nauli ya bodaboda, akasema tutayamaliza wenyewe. Wiki ya tatu hapokei simu! Kilichoniokoa ni picha aliyopiga mwenzangu, mashine ikiwa na damu bichi. Na madai yasipite miezi 12.

Kwenye fomu ya madai, jina liwe lile la kitambulisho cha NIDA. Saiti nilijulikana kwa jina la utani, karatasi za malipo zikaandikwa hilohilo. Limenigharimu safari nne za mjini. Mshahara usikisie, maana fidia inakokotolewa humo: tafuta hati za mshahara au miamala ya benki. Wanapouliza ajali ilitokeaje, andika saa, mashine, na ulichokuwa unafanya. "Ni mapenzi ya Mungu" kaseme msibani.

Sasa tathmini ya ulemavu, daktari anapokupima, inayokuja kidonda kikishatulia. Hapa ndipo wengi tunajipunja kwa adabu. Daktari aliniuliza, "Unaendeleaje, mzee?" Mimi Mgogo wa Bahi, nimelelewa kwamba ukijuliwa hali unashukuru. Nikajibu, "Vizuri tu, dokta." Akaanza kuandika. Mke wangu akakohoa pale pembeni: "Baba, mwambie nani anakufunga vifungo vya shati."

Basi itikia salamu, halafu mwambie: dokta, sasa nikueleze. Mimi nilimwambia mwiko wa ugali unaniponyoka, ndoo ya lita 20 naibeba kwa kushoto, na ule upepo wa Julai ukivuma vidole visivyokuwepo vinawaka moto. Akikwambia shika kalamu, shika. Ikianguka, iache ianguke. Usiigize wala usijikaze. Daktari anaijua misuli kuliko wewe.

Kinachotafutwa ni asilimia ya ulemavu. Ulemavu wa kudumu usiozidi 30% hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Ukiwa bado unauguza na hufanyi kazi, kuna malipo ya 70% ya mshahara, yasiyozidi miezi 24.

Kabla hujakabidhi karatasi yoyote, toa kopi, uombe mhuri wa kupokelewa ugongwe kwenye hiyo kopi yako. Wakisema si lazima, omba tena kwa upole, usiondoke dirishani. Zangu ziko kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, na mke wangu anajua upande gani.