Maji yaliyolala bombani usiyanywe
Maji ya kwanza ya asubuhi, yale yaliyolala bombani usiku kucha, usiyakinge ya kunywa. Kama nyumba ina mabomba ya shaba yaliyoungwa kwa lehemu yenye risasi (metali laini yenye sumu), au bomba la risasi lenyewe, maji yakituama kwa muda wa saa sita au zaidi yanapata nafasi ya kuyeyusha madini hayo, hasa yakiwa na asidi kidogo. Fungulia koki mpaka uhisi maji yamezidi ubaridi, ndipo ukinge. Hayo ya mwanzo si lazima yapotee, pigia deki.

Ya kupikia pia chukua upande wa baridi. Maji ya moto hula bomba haraka zaidi, na kuyachemsha hakuondoi risasi: maji hupungua kwa mvuke, risasi hubaki palepale, tena imekolea. Anayekoroga maziwa ya unga ya mtoto alizingatie hili kuliko wote.

Shaba hujitangaza kwa madoa ya kijani-bluu kwenye sinki. Risasi haina rangi, harufu wala ladha. Kipimo cha maabara tu ndicho kitakachokuambia, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Bomba lenyewe ni rahisi kulitambua. Likwangue kidogo kwa sarafu: la risasi ni laini, mkwaruzo hung'aa kama fedha, na sumaku hainati.

Kile kichujio kidogo cha mdomoni mwa koki nacho kifungue ukisuuze mara kwa mara, chembe za risasi hunasa humo.