Kambi ya 1066 kwenye matope: mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga mzigo

Vita vya Hastings vilipiganwa Oktoba 14, 1066, na ndiyo maana waigizaji wa vita hivyo, watu wanaovirudia mbele ya watazamaji kwa mavazi na silaha za wakati ule, hukusanyika katika mji wa Battle, kusini mwa Uingereza, katikati ya vuli ya Ulaya, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili zake angechagua kulala nje. Jua linazama kama saa kumi na mbili na robo jioni na halichomozi hadi saa moja na zaidi asubuhi. Kwa hiyo saa kumi na tatu za kila siku ni giza, mara nyingi na manyunyu, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Anayeujua ukungu wa Limuru mwezi wa Julai anaijua nusu ya baridi hii. Nusu ya pili ni kulala juu ya ardhi yenyewe.

Kinachowarudisha watu nyumbani Jumamosi usiku ni unyevu kuliko baridi. Kila kitu unachoweka kwenye mzigo kiulizwe swali moja: kikilowa, kitakuwaje?

Pamba ikilowa inakugandia mwilini na kukunyonya joto. Sufu inaweza kubeba maji karibu theluthi ya uzito wake kabla hujayahisi, na hata ikilowa bado inakupa joto. Basi vaa shati la kitani ndani, kanzu ya sufu juu yake, ya pili yenye kitambaa kizito zaidi, kisha joho. Usinunue sufu iliyochanganywa na poliesta kwa sababu ya bei: cheche moja ya moto inaiyeyusha, na plastiki iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi. Beba mashati matatu ya kitani, kanzu mbili, suruali mbili, kofia ya kufunika masikio na soksi za sufu jozi nne. Vile vitambaa virefu vya kuzungushia miguu, upana wa sentimita 7 au 8 na urefu wa mita 3 hivi kila kimoja, vianze kwenye kifundo kupanda hadi chini ya goti. Ukivikaza sana damu haipiti na vidole vinakufa ganzi. Vikilowa vinalegea, kwa hiyo utavifunga upya mchana. Jizoeze nyumbani mpaka uweze kufanya hivyo umesimama.

Zaidi ya hizo, seti moja kamili ya nguo, kofia ikiwemo, iwe ya kulalia tu. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na usiiguse mchana hata ukitetemeka vipi. Shati ulilotokwa nalo jasho vitani lina unyevu hata kama unalihisi kavu, na ukilala nalo utalijua saa nane za usiku.

Viatu ndivyo vinavyoshindwa kwanza. Viatu vya ngozi vya karne ya 11 vina soli nyembamba bila kisigino. Kwenye nyasi zilizolowa vinateleza, na maji huingia kwenye mshono. Wiki moja kabla, yeyusha nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya wanyama sehemu mbili, upake yangali vuguvugu, mara mbili, ukikazania mishono. Weka soli za ndani za sufu, jozi mbili za kubadilishana. Jioni vijaze viatu nyasi kavu au gazeti, uviweke mbali na moto: ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto inakuwa ngumu kama kuni na kupasuka palepale inapokunjika. Beba pia gambuti. Watazamaji wakishaondoka hakuna atakayekulaumu, na kusimamisha hema kwenye matope kwa viatu vya kihistoria ni kujitafutia mafua.

Kuhusu kulala, wageni wengi hurundika blanketi juu na kusahau chini. Ardhi ndiyo inayonyonya joto. Tandika turubai, juu yake majani makavu mengi au godoro jembamba la sponji, halafu ngozi mbili za kondoo zenye manyoya. Ukiwa na blanketi nne za sufu, mbili ziwe chini yako. Vikundi vingi vinaruhusu mfuko wa kisasa wa kulalia mradi ufunikwe kwa blanketi kabla lango halijafunguliwa, lakini uliza kikundi chako mapema. Sanduku la mbao lenye kifuniko ndilo linaloficha dhambi zote za kisasa: tochi ya kichwani, simu, dawa zako, miwani ya akiba.

Hema la turubai la pamba halivuji likishakaza, ila ukiligusa kwa ndani wakati wa mvua maji huanza kupenya pale pale, kwa hiyo mizigo ikae mbali na kuta. Kamba za nyuzi za asili, ziwe za mkonge au katani, husinyaa zikilowa. Zikiachwa zimekazwa jioni, mvua ya usiku inang'oa vigingi au inachana turubai kwenye pembe. Zilegeze kidogo kabla ya kulala, hata kama ni lazima utoke tena. Kigingi kifupi hakishiki kwenye udongo laini. Beba vya chuma, sentimita 30 au zaidi, na vya akiba vitano. Lakini uwanja wa Battle ni eneo la kihistoria linalolindwa, basi waulize waandaaji urefu wanaoruhusu, na usichimbe mtaro wala shimo la moto. Moto unawashwa kwenye karai la chuma lenye miguu.

Kuni za pale zitakuwa zimelowa. Njoo na kuni kavu za kwako, na vijiti vya kuwashia kwenye ndoo yenye kifuniko, na kila jioni uingize hemani kuni za asubuhi. Jiwe na chuma cha kuwashia viwepo kwa maonyesho. Kiberiti kiwe kwenye chupa ya kizibo. Usiingize hemani karai la makaa, hata yanayoelekea kuzimika. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na aliyelala haamki kuifungulia mlango.

Silaha sasa. Deraya ya pete za chuma ina uzito wa kilo 10 hadi 15 na inaweza kuota kutu kwa usiku mmoja. Kabla ya kuondoka ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, kidogo tu, maana mafuta mengi yanahamia kwenye nguo. Ukitoka vitani itikise, ifute, ipake tena, kisha ndiyo ule. Upanga uliolowa usirudishwe kwenye ala, ngozi hutunza maji na kutu inaanzia pasipoonekana. Koti la kujikinga lililojazwa pamba likilowa linaongezeka kilo kadhaa na halikauki ndani ya siku mbili, kwa hiyo likae chini ya joho mpaka mwito wa kupanga safu. Njiani, panga na visu vifungwe na kufungiwa kwenye buti la gari: sheria ya Uingereza ya 1988 inakataza kubeba kitu chenye makali hadharani bila sababu ya msingi, na kusimama dukani kununua maziwa ukiwa nacho kiunoni si sababu.

Chakula ni rahisi: shayiri, njegere kavu zilizolowekwa usiku (gramu 100 kwa mtu), vitunguu, kabichi, jibini, mkate, tufaha, na nyama ya chumvi au samaki mkavu. Viazi, nyanya, mahindi na pilipili vilikuwa bado havijafika Ulaya. Wala chai haikuwepo, lakini kikombe cha udongo hakisemi kilichomo.

Mkubaliane mapema nani anamwangalia nani. Mwenzako akianza kuongea kwa kukokota, akashindwa kufunga kifungo, au akaacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, mvueni nguo zote zilizolowa, mumvike kavu, mumfunike na kichwa, mumpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza. Pombe hapana. Na mwiteni mhudumu wa huduma ya kwanza hata kama mwenyewe anaona haya.

Jumapili hema litakunjwa likiwa bichi, hilo halina dawa. Lifunguliwe Jumatatu, kwenye gereji au juu ya ngazi za ndani, na ligeuzwe hadi likauke kabisa kwenye mishono. Likikaa limefungwa wiki nzima, ukungu unaacha madoa meusi ndani ya nyuzi, na hayo hayatoki kwa sabuni yoyote.