Kabla Hujakata Ubao: Tela la Kulala Lenye Umbo la Tone

Matela haya yalianza kupendwa Marekani miaka ya 1930: kibanda kifupi cha magurudumu mawili, mbele kitanda, nyuma jiko linalofunikwa na mlango wa kuinua. Ndani husimami; unaingia kwa kuinama, unalala, basi. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi anayewazia Msimbati, Kilwa Masoko au ukingo wa uwanda wa juu kule Newala, kujijengea kunawezekana, ila ubao ununuliwe mwisho.

Kwanza ni gari litakalovuta. Kitabu chake kinataja uzito linaoruhusiwa kuvuta, tela likiwa na breki na likiwa halina. Mengi ya matela haya yakishapakiwa huwa kati ya kilo 400 na 700. Gari likiwa halimudu, bora kujua leo. Siku hiyohiyo pitia TRA na kwa trafiki uulize masharti ya kusajili tela la kujitengenezea, fundi akiwa hajachomelea hata bomba moja.

Vipimo vinaamuliwa na godoro. Plaiwudi inauzwa futi nne kwa nane, na godoro la nne kwa sita likitandikwa juu yake linabakiza futi mbili, ndizo za jiko. Hapo kuta zifungwe ubavuni mwa sakafu, sio kusimamishwa juu yake, la sivyo unene wa mbao unakula upana na godoro linajikunja.

Sasa uzito, na hapa ndipo wengi wanaharakisha. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa ielemee ndoano ya gari. Ikipungua, tela linacheza mkia, na kadiri mwendo unavyoongezeka linaanza kuliyumbisha gari lenyewe. Mchawi ni lile jiko la nyuma: mtungi wa gesi, masufuria, dumu la lita 20 ambalo likijaa ni kilo 20, vyote nyuma ya ekseli. Kwa hiyo panga kwanza vitu vizito vitakaa wapi, dumu ulisogeze mbele ya ekseli, kisha ndipo umwonyeshe fundi pa kuifunga hiyo ekseli. Ukimaliza, pakia kila kitu, tela likae sawa, pua yake uiegemeze kwenye gogo lililowekwa juu ya mzani wa kupimia watu. Kwa tela la kilo 500, mzani usome kati ya 50 na 75.

Huku pwani mimi naogopa chumvi kuliko mvua. Ziba ncha zote za skwea paipu, maana kutu ya ndani huioni mpaka fremu ikatike. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kingo za plaiwudi zinyweshwe vanishi mpaka zikatae, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo. Mninga uache kwa vitanda vya nyumbani. Watu wa Nachingwea mtanisamehe, lakini kwenye tela ni mzigo.

Magurudumu yawe saizi moja na ya gari, nati zikae vilevile, ili tairi moja la akiba litumike pande zote mbili. Madirisha mawili yanayotazamana, yenye wavu wa mbu, hayana mjadala kwa joto letu. Paa lipakwe nyeupe. Kupika ndani ni marufuku hata mvua inyeshe: moshi wa mkaa na gesi ya jiko kwenye kijumba kama hicho vinaua.

Mvua zetu zinashika kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo kazi ya gundi na rangi iwekwe Juni hadi Oktoba. Safari ya kwanza isiwe ya Kilwa. Nenda Mikindani, simama, gusa katikati ya kila gurudumu kwa tahadhari. Vuguvugu si tatizo. Kama kiganja hakivumilii, beringi zimekazwa mno au grisi haitoshi, na tela lirudi kwa fundi polepole.